Tobey, Andrew ao Tom: jibu kwa mudogo wangu wa Kadutu

Mudogo mumoja wa Kadutu, hapa Bukavu, ameniandikia, nakata kidogo juu barua ilikuwa ndefu: "Mukubwa, Spider-Man mupya inakuja mwezi wa saba na huku kwetu hatulali, kila jioni ni mabishano. Mimi nasema Andrew njo mukali, juu sauti yake pale Gwen anakufa ilinilizisha. Rafiki yangu anasema bila Tobey hakuna kitu, binamu yangu anasema Tom amewapita wote, na dada yangu anatucheka eti Miles tu. Wewe unafundisha watu kuigiza, tupatie jibu. Na hiyo mupya tungojee nini?"

Asante mudogo wangu, na unisalimie wote wa hapo. (Kwa mwenye hajui: Tobey Maguire, Andrew Garfield na Tom Holland njo maakteri watatu wenye wamecheza Peter Parker, kijana mwenye anavaa nguo ya Spider-Man. Gwen ni mupenzi wa Peter mu filme za Andrew, na Miles ni Spider-Man wa katuni.) Nitajibu mpaka mwisho na jina nitalitaja, juu kusema "kila mutu na vile anapenda" si jibu, mutu akiuliza nani mukali anataka kusikia nani mukali. Ila mbele ya jina nitakuzungusha kidogo, juu mu barua yako kuna kitu kimoja chenye tusipokitoa mu njia mutabishana mpaka 2030.

Umeandika "sauti yake". Uliangalia kwa Kifaransa, hata siulizi. Hapa Bukavu filme inatufikia ku kle ya USB, imeshapita mu mikono ya watu wengi, na karibu kila mara iko na sauti ya Kifaransa, ao ni ile ya kutafsiriwa yenye mutu anaongea juu ya filme kuanzia mwanzo mpaka mwisho (na kuna wenye wanaifanya ile kazi vizuri sana, siwadharau hata kidogo). Sasa ile sauti yenye ilikulizisha, pale ndani ya mnara wa saa, Gwen amelala mu mikono yake, si sauti ya Andrew Garfield. Ni ya Mfaransa anaitwa Donald Reignoux. Tobey Maguire kwa Kifaransa ni Damien Witecka, ule ule mwenye alimupa sauti Leonardo DiCaprio mu Titanic, na Tom Holland ni Hugo Brunswick. Wale ni mafundi wakubwa, na machozi yako yalikuwa ya kweli, hakuna mwenye atakunyang'anya. Lakini ukisema Andrew anashinda juu ya sauti, kura ya Reignoux umeitia mu sanduku ya Andrew.

Na vitu vingi vinapotea pale. Andrew alizaliwa Los Angeles lakini alikulia Uingereza, Tom ni mutoto wa London, na wote wawili wanaficha kuongea kwao ili wasikike ni vijana wa Queens, pale New York, na kila mumoja anaficha kivyake. Andrew anakatakata, anaanza sentensi na haimalizi, anairudilia kwa upande mwingine, anameza neno la mwisho. Tom anaongea mbio, na woga ukimuingia sauti inapanda juu mpaka inapasuka. Tobey, yeye Mumarekani wa kawaida, anaongea chini na polepole, unasikia mutu mwenye anaogopa kusumbua wengine. Ile yote ni kazi ya akteri, aliichagua, aliitafuta, na ukiangalia kwa Kifaransa unapata machaguo ya mutu mwingine.

Mufano wenye unaniuma kuliko yote ni Chadwick Boseman. Alipopewa T'Challa, ule Black Panther, mufalme wa Wakanda, alikataa kabisa kumupa Kiingereza cha Marekani ao cha Uingereza, alitaka mufalme wa inchi yenye haikutawaliwa na mukoloni aongee na sauti ya Afrika. Kixhosa kiliingia Wakanda juu njo lugha ya John Kani, muzee wa teatre wa Afrika Kusini mwenye alicheza baba ya T'Challa mu Captain America: Civil War, 2016. Mutu alisimama imara juu ya ile sauti, na sisi wa huku, wenye sauti ile inatuhusu kuliko mutu wa Paris, wengi wetu hatujaisikia hata siku moja! Boseman alikufa mwezi wa 8 mwaka 2020, na sauti yake iko palepale mu filme, inangojea tu mutu abadilishe lugha ku telefone.

Kwa hiyo nakuomba, wewe na wenzako, mutafute hizo filme na sauti yake ya Kiingereza, hata kama Kiingereza hamukijui, mutie maandishi ya Kifaransa chini. Na mara ya kwanza muzime sauti kabisa. Angalieni mwili tu. Ile njo namna naangalia mimi, na njo namna nafundisha.

Mu kikundi chetu tuko na zoezi: mutu anafunikwa uso na kitenge, macho hayaonekani, mudomo hauonekani, anapewa habari ya kutuambia bila neno. Siku moja musichana wa Bagira alipewa "telefone yako wameiiba sokoni." Wenye walipita mbele yake walirusha mikono, walishika kichwa, mumoja alianguka mpaka chini. Yeye alitembea kawaida. Mukono ukaingia mufukoni, ukatoka, akapiga hatua mbili zingine, mukono ukarudi mufukoni tena, na pale mabega yakashuka. Basi. Sale nzima ilishajua. Sasa Spider-Man ni lile zoezi kwa saa mbili, juu ile maski inafunika uso mzima, hata kidevu haibakishi. Batman anabakiwa na mudomo, Superman anabakiwa na uso wote, lakini Peter Parker akivaa ile nguo amebakiwa na mabega, shingo na mikono, hana kingine.

Na waongozaji wanajua ile shida. Sam Raimi, mwenye aliongoza zile tatu za Tobey (2002, 2004, 2007), aliumia nayo sana ile ya kwanza: kuna fasi Spider-Man na adui yake Green Goblin wako juu ya paa wanaongea maneno mazito, na wote wawili nyuso zao ni plastiki, hazisongi, unasikia mazungumzo na huoni mutu. Nyuma ya pale angalia mu 2004, maski inatoka kila wakati, inapasuka, inaungua, anaivua mwenyewe, juu Raimi alishajua kwamba silaha yake kubwa ni uso wa Tobey. Kwa Tom walitafuta dawa ingine, tangu 2016 yale macho ya maski yanafunga na kufunguka, yanashangaa, yanakasirika, ila ile ni kompyuta inamusaidia, na ukimulinganisha na wale wawili ukumbuke kwamba wao walifanya kazi na macho yenye hayasongi. Na kitu kingine, mu fasi nyingi za kuruka na kupigana mwenye yuko ndani ya nguo si akteri, ni kaskaderi, mutu wa kuruka na kuanguka fasi ya akteri, ao ni mchoro wa kompyuta tupu. Kwa hiyo mutu asije kukuambia "Andrew anaruka vizuri kuliko Tobey", juu pale munapima kompyuta ya 2014 na ya 2002.

Penye ni wao kweli, tunaweza kupima. Tom alianza ku teatre London mwaka 2008 mu Billy Elliot, akiwa mutoto, anacheza dansi, na ile haijamutoka: akitua chini goti linajua fasi yake, akisimama bado mwili unaendelea kidogo, na wengine wote wanaonekana wazito pembeni yake. Andrew ni murefu na mwembamba, na aliamua kumufanya Spider-Man mududu kweli, shingo inapinda, vidole vinasonga peke yao, anajikunja ku kona ya ukuta mpaka unashtuka. Tobey hana ile. Tobey ku mwili njo wa mwisho kati ya watatu, na wenye wanampenda wakubali. Ingawa kuna ile ya 2002 mu kantini ya shule, anashika Mary Jane mwenye anateleza, halafu sahani ya chakula inarudi mukononi mwake, kila kitu kinaanguka fasi yake. Wengi wanafikiri ni kompyuta. Hapana, wenye waliitengeneza wanasema walimupaka gundi ku mukono ili sahani isitoke na walirudilia mara 156. Alikuwa na uvumilivu ule kijana.

Sasa utasikia kila fasi ile sentensi: Tobey ni Peter muzuri, Andrew ni Spider-Man muzuri, Tom ni vyote viwili. Watu wanaisema sana, inapendeza ku masikio, na mimi naikataa. Inafanya Peter na Spider-Man wakuwe watu wawili, na hawako wawili. Hadithi yote, tangu Stan Lee na Steve Ditko waiandike mwaka 1962, ni ya mutoto mumoja mwenye hana pesa na mwenye kosa lake liliua Tonton Ben, na ile nguo anaivaa juu ya lile kosa. Akteri mwenye anacheza Peter vizuri halafu akivaa maski anakuwa mutu mwingine, ameshindwa kazi, hakuna kumupa nusu ya pointi.

Tuchukue sasa kila mumoja mu fasi yenye alifika juu kabisa.

Tobey, watu wote watakuambia treni ya Spider-Man 2, ile anaisimamisha na mwili wake. Ni nzuri kweli, uso umekunjamana, nguo inapasuka ku kifua, na wale abiria wanamubeba juu ya mikono yao wanampitisha ndani na kumulaza chini, wanaona ni mutoto tu. Lakini mimi nataka uangalie ku meza ya Tanti May, filme hiyohiyo ya 2004. Wamekaa wawili, anamushika mukono, na Peter anaamua kumuambia ukweli: mwizi mwenye aliua Tonton Ben, yeye alikuwa amemuacha apite. Tobey hafanyi kitu, halii kwa nguvu, hapigi meza. Anasema na macho yanabaki ku mukono wa tanti. Na Rosemary Harris, mama mwenye anacheza Tanti May, anautoa ule mukono polepole, anasimama, anapanda ngazi, hasemi neno. Tobey anabaki na mukono wazi juu ya meza. Kuna maakteri wakubwa wenye wangejaza ile fasi na kilio. Yeye aliiacha wazi. Na mbele ya pale, tanti ambaye benki inataka kumunyang'anya nyumba anamupa dola 20 za siku ya kuzaliwa, anamulazimisha azipokee, anapasuka kulia. Angalia vile Tobey anazipokea. Kila mutoto wa Bukavu mwenye amepokea pesa ku mikono ya mama mwenye hana, anajua ile namna ya kutoangalia.

Andrew. Gwen anaanguka ndani ya mnara, uzi unamufuata polepole, mwisho wa ule uzi unafunguka karibu vidole vya mukono, unamushika, na umechelewa. Mu vitabu vya michoro Gwen alikufa mwaka 1973 na kwa wasomaji wa Marekani kilikuwa kidonda, kwa hiyo Andrew alijua anabeba nini. Zima sauti ya Reignoux, mudogo wangu, halafu uangalie. Kwanza hajui. Anamuweka vizuri, anamupanga nywele, anaongea naye kawaida. Halafu mikono inajua mbele ya uso: vidole vinaanza kutafuta fasi ya kushika na havipati, ku shavu, ku shingo, ku bega, na uso bado unakataa. Ile ni ngumu sana kuicheza, kuacha mwili ujue mbele ya kichwa, na wanafunzi wangu wenye wako na kipaji bado wanashindwa. Nyuma ya miaka 7, mu No Way Home ya 2021, filme ya Tom yenye Tobey na Andrew wanaingia mule kwa uchawi, MJ, mupenzi wa Peter wa Tom, anaanguka, na Andrew njo anaruka na kumushika. Anatua naye, anamuuliza kama yuko sawa, na yule binti anaona uso wake na yeye njo anamuuliza: na wewe uko sawa? Ni sekunde chache. Akteri mwingine angefikiri anaokoa musichana. Andrew anacheza mutu mwenye anapata na kupoteza wakati mumoja, mudomo unacheka na macho yanalia, na hana filme yake mule, ni mugeni tu mu filme ya mwingine.

Tom. Watu wanapenda pale anageuka vumbi mu mikono ya Tony Stark, ule Iron Man, 2018, anasema hataki kwenda, na ni ya kweli ile. Mimi nachagua Homecoming, 2017, nyumba imemuangukia. Anaita musaada. Haiti kama shujaa, anaita kama mutoto mudogo, sauti inapasuka, anapumua vibaya, hakuna mutu. Halafu anaona maji chini, na mu maji nusu ni uso wake na nusu ni maski. Ile inatoka mu kitabu cha 1966, Ditko alichora Peter amefunikwa na mashini na anainua, na Tom aliibeba vizuri kabisa. (Na mwenye alimuangushia ile nyumba ni Michael Keaton, anacheza Vulture, adui yake, tutamurudilia.)

Basi jina. Akteri mukali kuliko wote watatu ni Andrew Garfield. Jina ulilotaja njo lenyewe, ni sababu yako tu njo haikuwa yenyewe. Filme kali kuliko zote ni ya Tobey, ile ya 2004, na rafiki yako akisema bila Tobey hakuna kitu, mupe mukono, juu bila ile ya 2002 kuuza vile, filme nyingi za mashujaa zenye tunaangalia leo hazingepata mwenye kuzilipia. Lakini hayo ni maswali mawili tofauti, akteri na filme, na mabishano yenu yote yanatoka pale, mumoja anapima mutu na mwingine anapima filme. Andrew alipewa mbili tu. Ya 2014 ilijazwa mpaka ikapasuka: maadui Electro, Green Goblin na Rhino, siri za baba na mama yake, na kila dakika yenye walipewa hao ilitoka ku dakika zake na Gwen. Ilipata karibu dola milioni 709, na kwa wenye pesa ile haikutosha, mwezi wa 2 mwaka 2015 Sony wakapatana na Marvel, mwezi wa 6 wakamutangaza Tom, akiwa na miaka 19. Kumulaumu Andrew juu ya ile filme ni kulaumu mushambuliaji mwenye hakupewa mupira.

Binamu yako sasa. Anasema Tom amepita wote, na mimi namujibu kwamba Tom bado hajafanya mutihani. Hii si kumudharau. Angalia vizuri filme zake: nguo anapewa na Tony Stark, akikosea Tony anakuja, Tony akifa kuna Happy, kuna Nick Fury, kuna Doctor Strange, shuleni kuna Ned na MJ wenye wanajua siri yake. Peter Parker mwenye hana mutu, mwenye anahesabu pesa ya nyumba, ule wa Tobey, Tom hakupewa kumucheza. Alimupata ku dakika za mwisho za No Way Home. Tanti May amekufa, dunia nzima imemusahau juu ya uchawi wa Doctor Strange, na anaingia mu kile kikahawa penye MJ anafanya kazi, na karatasi mukononi yenye ameandika maneno ya kumuambia. Angalia ile karatasi. Angalia vile anaishika mbele ya kuongea, halafu anaona plasta ku paji la uso la MJ, kidonda chenye alipata juu yake, na karatasi inashuka. Anaagiza kahawa, anatoka. Pale nilisimama, kweli nilisimama, juu niliona akteri mwenye alikuwa ndani siku zote na hawakuwa wamemufungulia mulango. Halafu chumba cha kupanga, kitupu, na nguo yenye ameishona mwenyewe. Filme ikaisha.

Kwa hiyo ile ya tarehe 31 mwezi wa 7, 2026, Spider-Man: Brand New Day, inaanzia pale. Njo maana naingoja kuliko zote. Muongozaji si Jon Watts wa zile tatu za Tom tena, ni Destin Daniel Cretton. Watu wanamujua juu ya Shang-Chi ya 2021 na ile vita ndani ya basi, lakini mimi namuamini juu ya filme yake ndogo ya 2013, Short Term 12, ya vijana wenye hawana familia na watu wenye wanawalinda, filme ya nyuso tupu, hakuna kitu kinalipuka, na huwezi kutoa macho. Mutu mwenye alifanya ile anajua namna ya kumuangalia kijana mwenye yuko peke yake mu chumba. Walipiga picha Glasgow, mabarabara ya pale yamegeuzwa New York, na nguo inaonekana ni ya kitambaa kweli, ile rangi ya zamani.

Hofu yangu ni watu wengi. Wametangaza Jon Bernthal anakuja na Punisher, Mark Ruffalo anakuja na Hulk, na Scorpion yumo. Spider-Man 3 ya 2007 iliuawa na Sandman na Venom na Goblin mupya kusukumana mu mulango mumoja, ya 2014 nimeshakuambia. Mara mbili ugonjwa ni ule ule, na kila mara mwenye analipa ni akteri mukubwa, dakika zake zinakatwa. Tom akipewa fasi kumi za kukaa na uso wake, peke yake, atawafikia wale wawili na labda atawapita. Wakimujazia Hulk kila kona, tutatoka tunasema filme ilikuwa tamu na mutihani bado.

Mukiiangalia, mungojee pale anakutana na MJ mwenye hamujui. Lazima itakuja, haiwezi kukosa. Zima sauti mara ya pili na uangalie kama mwili wake umebadilika tangu 2021, juu Tom ana tabia ya kutikisika, mutoto mwenye hawezi kutulia, na mutu mwenye ameishi peke yake muda mrefu anatulia kwa namna mbaya. Kama bado anatikisika vilevile, hajakua. Na usikilize ile sauti yake ya Kiingereza kama imeshuka.

Na tafadhali musihukumu ku picha za barabarani. Niliona wenye wameshaandika kwamba itakuwa mbaya, bado hawajaona hata kidogo. Michael Keaton, ule Vulture, alipotangazwa Batman mwaka 1988 watu walituma barua karibu 50,000 ku Warner Bros. kumukataa, eti ni mutu wa kuchekesha, na mpaka leo kuna wenye hawakubali Batman mwingine. Heath Ledger alitukanwa vilevile alipopewa Joker. Alikufa mwezi wa 1 mwaka 2008, filme ikatoka mwaka ule ule, na mwaka wenye ulifuata Oscar yake ilipokelewa na wazazi na dada yake. Wale wenye walimutukana hawakupata hata nafasi ya kumuambia pole.

Nimebakisha dada yako. Mwambie asicheke sana lakini ana haki yake. Miles Morales wa Into the Spider-Verse ya 2018 ni Spider-Man kamili, baba Mumarekani mweusi, mama wa Puerto Rico, Kiingereza na Kihispania vinachanganyika nyumbani vile kwetu vinachanganyika, na ilipata Oscar ya filme ya katuni. Ila hawezi kuingia mu mashindano ya akteri watatu, juu sauti ni ya Shameik Moore na mwili umetoka mu mikono ya wachoraji wengi sana. Na wale wachoraji walifanya kitu chenye nataka akione kwa macho yake. Arudie fasi ya msituni, Miles na Peter Parker wa katuni ile wameiba kompyuta na wanakimbia ku miti. Peter amechorwa picha 24 kila sekunde, anapita laini. Miles amechorwa 12, kwa hiyo anasonga kwa kukatika, ni kama mwili wake bado unatafuta. Nyuma ya pale aende mpaka fasi anaruka kutoka juu ya jumba, kichwa chini, na aangalie kama bado anakatika.